Mkono wa Kulia wa Elia

Mwaka 1993, masika yakielekea ukingoni, nikiwa na umri wa miaka thelathini na miwili, niliingia katika kituo cha polisi kwa mara ya kwanza maishani mwangu na kutamka neno lililokuja kunigharimu miaka ishirini na sita baadaye. Halikuwa tusi. Nilisema "mkono".

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 14 Mei. Ileje ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya. Songwe hatukuijua ila kama jina la mto. Mume wangu, Elia, mpasua mbao, alikuwa ameondoka nyumbani kwetu Isongole Jumatatu ya tarehe 3 kwenda msituni, akaahidi kurudi Jumamosi. Hakurudi. Askari wa zamu aliniuliza kama mume wangu ana alama yoyote mwilini. Nikamjibu, "Alivunjika mkono wa kulia mwaka 1989, hata kiganja kikalala." Akaandika. Nami, niliyeishia darasa la tatu, nikabonyeza dole gumba chini ya maneno nisiyoweza kuyahakiki.

Vijana mnaosomea utabibu na uuguzi, nawaandikia nikiwa na hasira, na hasira hiyo sina mpango wa kuiombea radhi. Mwalimu mmoja kijana aliniomba niwaandikie kumbukumbu tamu za kazi. Tamu zipo, nitaweka moja au mbili. Lakini mkitoka hapa bila kujua tofauti ya kiganja na mfupa wa mkono wa juu, mtakuwa mmenipotezea wino.

Niliajiriwa katika chuo cha matabibu mwezi Februari 1995, kuwa mfagiaji. Juma la pili nilipelekwa chumba cha anatomia, ambako mifupa ya kufundishia ilikuwa imepangwa mezani, imechakaa na kujaa vumbi. Mimi ni mtu wa usafi. Nilichukua mfupa wa paja, nikaona nyuma yake ukingo mrefu wenye makwaruzo, kuanzia juu hadi karibu na goti. Nikachukua msasa wa seremala, nikaanza kazi. Nilikuwa nimeumaliza mfupa wa kwanza, unang'aa kama mwiko mpya, na wa pili nimefika nusu, Mwalimu Festo alipoingia. Huyu ndiye aliyekuwa mkufunzi wa anatomia, mzee mwembamba aliyevaa sweta hata mwezi Oktoba.

"Mama, unafanya nini?"

"Nasafisha, Mwalimu. Ulikuwa na ukoko."

Alikaa kwenye kiti. Nilidhani atanifukuza kazi siku ileile. Badala yake alinyoosha mkono akauchukua mfupa, akaupitishia kidole pale nilipopasugua.

"Ukoko huu ndio uliokuwa unamtembeza," akasema. "Misuli ya paja ilishika hapa. Kila alipopanda mlima ilivuta hapa, na mfupa ukaota makwaruzo ili ishike vizuri zaidi. Wewe umemfuta miguu."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Sisamehi. Utakuja hapa kila Jumatano saa tisa, utajifunza kila ulichotaka kukifuta."

Ndivyo nilivyoanza. Mwalimu Festo hakuwa na maneno mengi. Alinipa mfupa na maswali matatu. Ukiona tundu, uliza nani anapita. Ukiona kinundu au ukingo, uliza nani anavuta. Ukiona kikombe, uliza nani anakaa humo. Kwa maswali hayo nilijifunza kuwa tundu dogo lililo upande wa mbele wa taya la chini ni mlango wa neva iendayo mdomoni, ndiyo maana mganga wa meno akichoma sindano karibu nalo mdomo unakufa ganzi. Nilijifunza kuwa kikombe cha nyonga ni kirefu kwa sababu kinabeba mwili, na kile cha bega hakina kina, ni kama kisosi kwa sababu mkono unataka uhuru wa kuzunguka, na uhuru huo tunaulipia kwa bega kuteguka kirahisi. Ule mfupa niliousugua bado upo chuoni. Nilikuwa nawaonyesha wanafunzi kila mwaka: huu ndio ujinga wangu, ushikeni.

Nilirudi shule pia. Darasa la saba nilimaliza mwaka 1997 katika elimu ya watu wazima. Kidato cha nne nilifanya mwaka 2001, mtahiniwa wa kujitegemea mwenye miaka arobaini, nimekaa dawati moja na binti aliyeniuliza kama nimekuja kumsimamia mwanangu. Nilifaulu, na cheti ninacho. Mwaka 2002 nikapewa rasmi chumba cha anatomia, nikakitunza mpaka nilipostaafu mwaka 2021. Wanafunzi waliniita Mama Mifupa. Nilijifanya kuchukia.

Siku hizi mnajifunza kwa picha inayozunguka ndani ya simu, au kwa mifupa ya plastiki iliyo laini kama sabuni. Niliwahi kupokea boksi zima la mifupa hiyo. Hapakuwa na tundu hata moja la mshipa wa damu. Mfupa usiolishwa! Nikamwuliza aliyeileta, "Huyu mtu alikula nini?" Akacheka, akaniomba nitie sahihi ya mapokezi. Picha ya simu haina kivuli chake yenyewe. Mfupa wa kweli husomwa dirishani, ukiulaza ubavu mwanga upite juu yake, ndipo mitaro na vinundu hujitokeza kwa vivuli vyao. Kisha unafumba macho na kutumia ncha ya kidole gumba, kwa sababu jicho hupenda kuona lilichotarajia.

Nilimfundisha hivyo Gideoni, mwanafunzi wa mwaka 2006, kijana wa Itaka mwenye akili nyepesi na haraka nyingi. Katika mtihani wa vituo, ambapo kengele ikilia unahamia mfupa mwingine, alikuta tundu la mshipa wa damu kwenye mfupa wa paja, akaandika: "Marehemu alichomwa na msumari." Tulicheka mpaka Mwalimu Festo akavua miwani. Nilimketisha Gideoni Jumatano tatu. Nilimpa mfupa wa mkono wa juu, ule wanaouita humerasi, na uzi mwekundu. Nikamwambia aulaze uzi ndani ya mtaro unaopita kwa mshazari nyuma ya mfupa huo, katikati.

"Nani anapita hapa?"

"Neva ya radiali, Mama."

"Inakwenda wapi?"

"Kwenye misuli inayoinua kiganja."

"Mfupa ukivunjika hapa?"

"Neva inaumia. Kiganja kinalala."

"Mfupa wa kiganja umevunjika?"

"Hapana, Mama. Kiganja ni kizima."

Alijibu sawasawa. Nataka mlikumbuke jibu hilo, kwa kuwa yeye alilisahau.

Nami siku ile nilijibiwa zaidi ya alivyojua. Agosti 1989 Elia alianguka kutoka juu ya jukwaa la kupasulia mbao. Mganga wa mifupa wa kijijini alimfunga vibao hapa, kati ya bega na kiwiko. Mfupa ukaunga, umepinda kidogo, na kiganja kikawa kinaning'inia tu. Miezi minne nilimfunga vifungo vya shati. Nilimwogesha mkono ule, na nilipomsugua kidole changu kilikutana na donge pale palipoungana. Disemba, asubuhi, aliinua kikombe cha chai mwenyewe, akakishikilia hewani muda mrefu bila kunywa. Somo la neva nililijua kwa mdomo, lakini sikuliunganisha na mkono wa Elia hadi Gideoni alipoulaza ule uzi.

Sasa niwaeleze nilivyoishi. Baada ya Elia kupotea, kaka yake mkubwa, Yohana, alitangaza Isongole nzima kwamba amemwona kwa macho yake Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akiwa na mwanamke. Nilihamia Tunduma mwaka 1994 kwa sababu ya tangazo hilo, na tangazo likanifuata. Kanisani, majina ya marehemu yaliposomwa, la Elia halikusomwa. Kwenye misiba wajane walikaa pamoja, na nilipokwenda kukaa nao Yohana alisema mbele ya watu, "Shemeji, nyanyuka hapo. Mjane wa nani? Wewe umeachwa. Mwenzio anakula nshima, ugali wa huko Zambia, ameshiba."

Watu wakacheka. Nilinyanyuka. Sikuolewa tena, na wala sikuitwa mjane. Kila fomu niliyojaza kazini ilikuwa na mstari wa hali ya ndoa, na kila mara niliuacha wazi, na kila mara karani aliujaza kwa niaba yangu: ameachika.

Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2019, wanakijiji waliokuwa wakichimba mtaro wa bomba la maji huko milimani Ileje walikuta mifupa ya mtu ndani ya shimo la zamani la kupasulia mbao, lililofukiwa na maporomoko. Kwa wasiolijua: gogo hulazwa juu ya shimo, mpasuaji mmoja husimama juu, mwingine huingia chini, wakavutana msumeno. Mwenzake Elia, Mlambya wa upande wa Malawi, juma lile la Mei 1993 alikuwa ameitwa kwao kwenye msiba na alikuwa ameondoka na msumeno. Elia alikuwa amebaki peke yake kupanua mashimo. Walikuwa na mashimo mengi. Tuliyoyajua tuliyatafuta, hilo hatukulijua.

Mtendaji wa kijiji alinipigia simu. Polisi walilifukua jalada langu la mwaka 1993. Mifupa ikapelekwa kwa daktari kuchunguzwa, na daktari huyo alikuwa Gideoni. Nilimshukuru Mungu. Nikasema, huyu nimemfundisha mwenyewe.

Ripoti ilitoka tarehe 4 Novemba. Niliisoma nikiwa nimesimama koridoni. Ilisema ni mwanamume, mtu mzima, mwenye misuli mikubwa. Kisha ikasema hivi: "Mkono wa kulia: mifupa ya kiganja na kifundo yote ni mizima. Bega la kulia: humerasi ina mvunjiko wa zamani uliopona, katikati." Na mwisho: "Kwa kuwa aliyepotea alivunjika mkono wa kulia na kiganja, mifupa hii hailingani naye." Halmashauri ingeizika kama ya mtu asiyetambuliwa baada ya siku thelathini.

Mnaona alichofanya? Ukweli wote ulikuwa kwenye karatasi ileile, mistari miwili chini. Aliuita bega! Kwake yeye, aliyezoea kuandika Kiingereza na hapa akilazimika kuwaandikia polisi Kiswahili, mkono ulikuwa kiganja hadi kifundo tu. Kwangu mimi mwaka 1993 mkono ulianzia begani. Lugha yetu inaruhusu yote mawili, na kati ya yote mawili Elia alikuwa anakwenda kuzikwa bila jina.

Nilimfuata ofisini kwake siku iliyofuata.

"Mama Mifupa! Karibu, karibu sana. Shikamoo."

"Sijaja kuamkiwa. Gideoni, kiganja kinalala kwa sababu gani?"

"Mama, kaa kwanza."

"Jibu."

Alitazama karatasi, akanitazama mimi, na niliona jibu likimpanda usoni kabla halijafika mdomoni. Akafunga mlango.

"Mama, ripoti imeshasainiwa. Na wewe ni ndugu wa mhusika, ukiisemea wataona una maslahi. Na kusema ukweli, ni neno moja tu."

"Neno moja limemfanya mume wangu mtu mwingine."

"Na jalada lenyewe limeandikwa kiganja kimevunjika."

"Nilisema kimelala! Askari aliandika kimevunjika kwa sababu hakujua kiganja kinaweza kulala bila kuvunjika. Yeye hakufundishwa. Wewe ulifundishwa na nani?"

Nilipaza sauti, wauguzi wakasimama dirishani, na sikujali. Nilimwambia kwamba mgonjwa aliyekosewa kwa haraka anaweza kurudi kulalamika, lakini mifupa hairudi. Nilimwambia mengine ambayo siyaandiki, kwa kuwa mimi ni Mkristo na ninyi ni vijana. Nilitoka hapo nikaandika barua kwa hakimu mwenye mamlaka ya kuchunguza vifo, kurasa nne, kwa mkono wangu, nikiomba shauri lisikilizwe kabla ya mazishi. Siku ya ishirini na saba zuio likatoka.

Mtauliza juu ya kipimo cha vinasaba. Mimi na Elia hatukujaliwa mtoto. Aliyebaki wa damu yake ni Yohana peke yake, na Yohana alikataa kutoa sampuli. "Nitoeje damu kwa ajili ya mtu aliye hai?" alisema. Alikuwa ameusema uongo wake muda mrefu hata ukamzuia kurudi nyuma.

Shauri lilisikilizwa Jumanne, tarehe 10 Machi 2020. Hakimu alikuwa mama wa makamo, mtulivu. Mifupa ilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Niliulizwa elimu yangu, nikaitaja pamoja na miaka yake. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Kumbe ni mfagiaji." Nikageuka. "Nilifagia miaka saba," nikamwambia, "na sakafu haikuwahi kulalamika."

Kisha nikasema, "Mheshimiwa, kabla sijaugusa mfupa, naomba kila aliyemo humu ashike mkono wake wa kulia."

Hakimu alishangaa, lakini aliruhusu. Akaanza mwenyewe: alishika kifundo. Karani alishika katikati, chini ya bega. Askari alishika kiwiko. Yohana alishika bega lenyewe. Gideoni alitazama watu wote, kisha taratibu akashika kiganja chake, na nikaona ameelewa ninakompeleka.

"Watu watano mbele yangu, Mheshimiwa, mmeshika mahali patano. Kosa la kwanza ni langu. Mwaka 1993 nilisema mkono, sikusema wapi. Kosa la pili ni la aliyesoma, akaacha kuuliza wapi."

Nikaruhusiwa kuushika mfupa. Nisiwadanganye kwamba nilikuwa mtaalamu wakati huo. Nilikuwa mke. Upande wa nje palikuwa na kinundu kinachoshikwa na misuli ya bega, kimeinuka kuliko chochote nilichowahi kutunza, na wa kushoto vivyo hivyo, kwa sababu msumeno wa shimoni huvutwa kwa mikono yote miwili. Nikaugeuza. Nikaweka ncha ya kidole gumba kwenye mtaro wa neva, nikaufuata kwa mshazari, na kidole kikakwama kwenye donge. Nililijua. Nililisugua kwa sabuni miezi minne.

Nikatoa uzi mwekundu mfukoni, nikaulaza mtaroni ili hakimu aone unavyopanda juu ya donge. "Neva ilipita hapa, ikaumia hapa, kiganja kikalala, na mifupa ya kiganja haikuguswa. Ndiyo maana daktari ameikuta mizima. Inapaswa kuwa mizima."

Gideoni aliitwa. Alisimama akiwa ameshika ripoti yake kwa mikono miwili.

"Daktari, unakubaliana naye?"

"Nakubaliana, Mheshimiwa. Mvunjiko niliouita wa bega ndio wa mkono unaotajwa na jalada. Nilikosea neno." Akaongeza, "Alinifundisha yeye. Kwa uzi huohuo."

Nilimsikia, na hasira yangu haikushuka. Lakini alisimama akasema, na wengi hawasimami.

Ndipo Yohana alipoapishwa.

"Ulimwona ndugu yako Nakonde?"

"Nilimwona, Mheshimiwa."

"Mlisalimiana?"

"Hapana."

"Ulimwona uso?"

Kofia yake ilikuwa inazunguka mikononi. "Nilimwona mgongo, Mheshimiwa."

Chumba kizima kiliguna. Miaka ishirini na sita nimenyanyuliwa kwenye mkeka wa wajane kwa ajili ya mgongo wa mtu asiyejulikana! Nilitaka kumrukia. Nilishika ukingo wa meza mpaka karani akanisogezea maji.

Amri ilisomwa Alhamisi, tarehe 12 Machi 2020, saa nne na dakika kumi asubuhi. Kwa umri, kwa shimo ilimokutwa, kwa misuli ya mpasua mbao na kwa mvunjiko uliopita kwenye mtaro wa neva, mifupa ilitambuliwa kuwa ya Elia, aliyefariki Mei 1993 kwa kufukiwa na udongo. Nikakabidhiwa nimzike.

Karani alijaza fomu ya makabidhiano, akanisukumia nitie sahihi. Niliisoma yote kabla ya kugusa kalamu. Penye alama za utambuzi alikuwa ameandika: "Mvunjiko wa mkono wa kulia." Nikamrudishia.

"Mama, si ndivyo ilivyoamriwa?"

"Andika: mfupa wa mkono wa juu, wa kulia, katikati, penye mtaro wa neva."

"Nafasi haitoshi, Mama."

"Pembeni pana nafasi."

Akaandika pembeni, kwa herufi ndogo, akipandisha mstari kama mtu anayepanda mlima. Akashuka hadi mstari wa mpokeaji. Kalamu yake ilikuwa imeshaanza herufi ya kwanza ya neno lile la makarani wenzake, aliponitazama, akaikata.

"Hali ya ndoa?"

"Mjane," nikasema. "Tangu Mei 1993."

Aliandika. Nikasoma tena. Nikatia sahihi, jina langu lote, kwa kalamu.